Sura ya Nani Iko Kwenye Kava? Kutoka Santuri ya Siti binti Saad Hadi DVD za Katoro



Hapa tumeshazungumza habari za shela, hina na singo. Leo tunaomba tukae kidogo na historia, kwa sababu kuna jambo lilitupata sisi mafundi, likatufanya tujiulize maswali ambayo chuo cha ushoni hakikutufundisha.

Nguo zetu tunazishona Unguja, lakini wateja wetu wengi wa harusi wako bara: Shinyanga mjini, Kahama na Geita. Kule dhahabu ikitoka, harusi hufungwa, na biharusi wa Kiislamu hutaka nguo ya stara iliyotoka kisiwani. Mwaka 2016 tulikwenda Katoro, mkoani Geita, kukusanya madeni. Tulipita mbele ya kibanda cha CD, spika zinapiga taarab mpaka vumbi linaruka, na DVD zimepangwa juu ya meza. Tukasimama. Kwenye kava moja tuliitambua nguo kabla ya kumtambua aliyeivaa.

Ilikuwa satini ya rangi ya maziwa, mikono ya lesi, na shanga kifuani tulizozitunga kwa mkono usiku mbili. Mstari wa mwisho wa shanga uliishia njiani, kwa kuwa zilituishia, tukaficha pengo kwa ua dogo. Ua lilikuwepo. Tukainua macho, tukaona uso wa mteja wetu wa Kahama, kichwa wazi, nywele zimesukwa, mikono imejaa piko. Kushoto na kulia wamebandikwa wasichana waliovaa nusu nguo. Juu yake maandishi mekundu yanatangaza mchanganyiko wa taarab.

Mteja wetu hajapata kuimba wimbo hata mmoja. Alifikaje pale? Kisa chake tutakimaliza mwisho, maana kina aibu na aibu nyingine ni yetu. Kwanza tuirudie njia ambayo sura ya mwanamke wa Afrika Mashariki ilipita mpaka ikafika juu ya meza ile.

Sauti bila sura

Mwanzo wa njia uko kwetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwa wazazi waliokuwa watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuwa muimbaji. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina lililokuja na sauti yake. Mwaka 1928 yeye na wenzake, akina Mbaruk Effandi Talsam, Subeit Ambar, Buda Swedi na Maalim Shaaban, walivuka bahari hadi Bombay kurikodi santuri za kampuni ya His Master's Voice.

Sasa tazameni santuri ile ilikuwaje. Siku hizo santuri iliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi yenye tundu la duara katikati. Picha ya muimbaji haikuwepo. Hata huko Marekani, desturi ya kupamba majalada kwa michoro ilishika karibu na mwaka 1940, alipoianzisha msanifu kijana wa kampuni ya Columbia, Alex Steinweiss. Kwenye tundu la bahasha ya Siti uliona alama ya kampuni: mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni anasikiliza sauti ya bwana wake. Chini yake ndipo liliposomeka jina la muimbaji.

Tunatabasamu kila tukiikumbuka picha hiyo. Mwanamke wa Kiislamu wa Unguja, sauti yake imevuka Bahari ya Hindi kwenda na kurudi, na kiumbe pekee mwenye sura kwenye santuri yake ni mbwa! Lakini lina mafundisho jambo hili. Siti alikuwa na watu waliomcheka kwa sura yake, wakasema si mzuri. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa uso si hoja, hoja ni akili. Santuri ikamuunga mkono. Aliyeinunua alinunua sauti na jina. Jina lenyewe halikuwa lile la Mtumwa. Lilikuwa lile alilolipata kwa kazi yake.

Mwaka uleule wa 1928 reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika, ikapita Shinyanga. Miaka ya 1930 ukaanza uchimbaji mkubwa wa dhahabu Geita, na mwaka 1940 Dokta John Williamson akagundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Watu walikuja na mishahara ikaja. Gari la moshi lililochukua pamba na ng'ombe wa Usukuma lilirudi na cherehani, vitambaa, baiskeli na gramafoni. Njia ya bidhaa za pwani kuingia nchi ya Wasukuma ikawa wazi, na ndiyo njia tunayoifuata sisi mpaka leo na mabegi yetu.

Wasukuma wenyewe walikuwa na nyota wao kabla ya santuri. Vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana uwanjani, na muimbaji alijitaja ndani ya wimbo: mimi ni fulani, mwana wa fulani. Hilo ndilo lilikuwa kava lake. Alilibeba mdomoni mwake, na hakuna aliyeweza kumbadilishia.

Jina bila sauti

Ukaja wakati wa santuri ndogo na bendi za dansi, miaka ya 1960 na 1970. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Muziki wa bendi zetu ulikwenda kutengenezwa Nairobi na kurudi katika bahasha zenye majina ya kampuni kubwa kama Philips na Polydor.

Wakati huu mwanamke alionekana sana kwenye santuri, ila alionekana kwa namna ya ajabu. Hesabuni majina ya nyimbo ambazo baba zetu walizipenda: Georgina ya Safari Trippers, Zuwena na Mwanameka za Marijani Rajab na Dar International, na baadaye Mary Maria ya Vijana Jazz. Majina yote ya wanawake! Lakini walioimba ni wanaume. Mwanamke ametajwa, ameombwa, amesifiwa, amelaumiwa, na yeye mwenyewe hasemi neno. Zuwena angejibu nini? Hatukusikia.

Hatusemi nyimbo zile ni mbaya. Mama zetu walizipenda na wengine waliwapa watoto wao majina hayo. Tunasema tu kwamba ukiipanga meza ya santuri za wakati ule, utakuta majina mengi ya kike na sauti chache za kike. Kwenye taarab hali ilikuwa bora. Pwani ya Tanga kulikuwa na Shakila Saidi, aliyeimba na Black Star na Lucky Star, na sauti yake ilitoka redioni ikafika hata kwenye nyumba zisizo na santuri. Redio nayo ilimfaa mwanamke wa stara kwa sababu haikudai uso.

Sauti na sura

Kisha ikaja kaseti. Mwanzoni kaseti nyingi zilikuwa tupu zilizonakiliwa dukani, na kava lake ni karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na redio binafsi kuanza, kaseti za Dar es Salaam zikaanza kutoka na makava ya rangi yaliyochapishwa vizuri. Ndipo sura zikafika.

Ndio wakati wa Khadija Kopa, mwenzetu wa Unguja, aliyetoka Culture Musical Club akavuma bara na Tanzania One Theatre, na mpinzani wake Nasma Khamis wa Muungano. Mashindano yao yaliwagawa wanawake wa mitaani makundi mawili. Kwenye taarab ya siku zile mwanamke hakuwa pambo la bendi. Watu walitaja jina lake kabla ya jina la kikundi. Alipoonekana amevaa dhahabu shingoni na kanga begani, wanunuzi walijua ni nani na anasema nini. Mtu anaweza kuyapinga maneno ya mipasho, na masheikh wetu wameyazungumza, lakini hakuna aliyeweza kusema mwanamke yule amebandikwa bila kujijua.

Kanda ya Ziwa nayo ikapata wake. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera mpiga ngoma, alitoa albamu ya Maria Salome, kazi iliyosimamiwa kutoka Mwanza. Aliimba Kihaya, na watu wasiojua neno la Kihaya wakaimba naye kuanzia Bukoba hadi Shinyanga na hadi kwetu visiwani. Wimbo wa Chambua Kama Karanga ulipigwa kwenye harusi mpaka kaseti zikakatika. Hakuwa na mavazi ya kigeni wala lugha ya mjini. Alikuwa yeye, na ngoma yake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa kwake, vijana wengi ndipo walipouliza: huyu Saida ni nani? Sauti yake ilikuwa imebaki masikioni mwa watu kwa miaka kumi na mitano.

Huo tunauita wakati mzuri wa kava: sauti, sura na jina vya mtu mmoja, mahali pamoja.

Mwili bila jina

Lakini haukudumu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati huo, mwaka 2001. Miji ikafura. Pembeni ya migodi mikubwa wakajaa wachimbaji wadogo, na palipo na wachimbaji pana jenereta, banda la video na mwenye kuuza VCD. VCD na DVD zilileta kitu ambacho kaseti haikuwa nacho: mnunuzi sasa anataka kuona. Kava likawa dirisha la kile atakachokiona.

Tumezitazama sana meza zile kwa jicho la fundi wa nguo, na tunachoweza kusema ni hiki. Kwenye makava mengi mwanamume alikuwa na jina kwa herufi kubwa, kiti, gari nyuma yake, mara nyingine na namba ya simu ya kumwalika. Mwanamke alikuwa na kiuno. Amesimama nyuma au pembeni, ameinama, hana jina popote, hata ukigeuza upande wa pili. Mara nyingine hakuwa hata mcheza shoo wa kikundi kile. Mtu wa kompyuta alimkata kwenye picha nyingine, akambandika.

Na kuna jambo jingine. Katika miji ya dhahabu, wanawake tunaowaona kila siku ni wanaoponda mawe kwa nyundo, wanaochenjua, mamalishe wanaoamka kabla ya alfajiri, na wauza kanga kama sisi. Mikono yao ndiyo inayoendesha miji hiyo. Hakuna hata mmoja tuliyewahi kumuona kwenye kava. Mwanamke wa kwenye kava hafanyi kazi. Yeye ni kitu kinachonunuliwa dhahabu ikipatikana. Kijana wa miaka kumi na sita aliyefika machimboni akiangalia meza hiyo kila jioni, anajifunza nini kuhusu dada yake?

Wengine walisema tatizo ni wizi wa kazi. Ni kweli, wizi ulikuwepo. Mwaka 2013 serikali ilianza kutaka stempu za TRA zibandikwe kwenye bidhaa za muziki na filamu. Mkaguzi akija alitafuta stempu kwenye kava. Alijua kuuliza kama kodi imelipwa. Hakukuwa na stempu ya kuonyesha kwamba mwanamke aliyechapwa hapo ameulizwa.

Tunarudi Katoro

Sasa mteja wetu. Picha ile ilipigwa Kahama kwenye sherehe ya wanawake watupu, usiku wa kumpamba. Mlango ulifungwa, wanaume hawakuwepo, ndiyo maana kichwa kilikuwa wazi. Simu zilikatazwa, isipokuwa moja. Ilikuwa yetu. Tuliomba tupige picha ya mshono, naye kwa furaha yake akakubali. Alisema: "Ya mshono tu, dada zangu."

Sisi tukaona picha imetoka nzuri, uso wake unang'aa. Tukaiweka nzima kwenye kundi la WhatsApp la wateja, watu zaidi ya mia, ili waone kazi yetu. Hatukukata kichwa. Kutoka pale ilipita mikono mingi tusiyoijua, ikamfikia mwenye kompyuta aliyekuwa anatafuta uso wa biharusi.

Mtu wa kwanza kuiona DVD nyumbani kwao alikuwa shemeji yake. Mume akamuuliza swali moja: ulivua mtandio mbele ya nani? Alijibu ukweli, lakini kava lilikuwa mkononi, na kava lina nguvu kuliko kiapo. Alirudi kwa wazazi wake Shinyanga akakaa miezi minne.

Tulipanda basi tukaenda. Tulikaa mbele ya baba yake, mama yake na wazee wa upande wa mume, tukasema: kosa ni letu, si lake. Mzee mmoja alituuliza kama tunajua maana ya amana. Tukasema tunajua. Akasema, "Hapana, mngejua, picha ingebaki kwenye simu." Hatukuwa na jibu mpaka leo.

Alhamdulillah, ndoa ilirudi. Lakini hakubali tena kupigwa picha. Amejifungua mtoto, na familia haina picha hata moja ya mama amempakata mwanawe. Hicho ndicho tulichomnyang'anya. Siti alikuwa bila picha kwenye santuri na hakupungukiwa kitu. Huyu tulimpa picha asiyoitaka, tukamkosesha zile ambazo angezitaka.

Historia hii inatufundisha nini?

Ukitazama njia yote, utaona kuwa uso kuonekana au kufichwa siyo mwisho wa maneno. Kuna dada atakayesema sura yake haitoki kabisa, na ana haki. Kuna atakayesema inatoka akiwa na stara yake, na atajibu mwenyewe mbele ya Mola wake. Bi Kidude, aliyekuwa pia kungwi wa unyago, picha zake zilizunguka dunia, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, akiwa bibi kizee mwenye mikunjo na ngoma yake kiunoni. Mwaka 2020 binti wa Khadija Kopa, Zuchu, alitoa kazi yake ya kwanza akaipa jina I Am Zuchu, mimi ni Zuchu. Mnaweza kubishana juu ya mavazi na nyimbo, na hapa kisiwani tunabishana kweli. Lakini hao walijua kava linasema nini na jina lao liko juu yake.

Aibu ya kweli katika historia hii ilianza pale mwanamke alipoonekana bila kuulizwa. Na tusiwalaumu wanaume wa vibanda peke yao. Sura An-Nur, kabla ya kutuambia sisi wanawake habari ya stara katika aya ya 31, inaanza katika aya ya 30 kuwaamuru wanaume wainamishe macho. Wote wameagizwa. Na aliyeshika simu katika chumba cha wanawake ameshika amana, awe fundi, mpambaji, somo au shoga.

Siku hizi meza za DVD zimepungua. Nyimbo ziko kwenye simu, na kava limekuwa kipicha kidogo cha YouTube. Lakini kipicha hicho kinahitaji uso vilevile, na uso wa biharusi bado unauza. Sheria nayo imesogea: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wazi kwamba taarifa za mtu hazichukuliwi na kutumiwa ovyo bila ridhaa yake. Ni vizuri kuijua. Ila sheria huja baada ya picha kutoka, na picha ikishatoka ni maji yaliyomwagika.

Kwa hiyo, biharusi mtarajiwa, fanya haya kabla ya kupimwa nguo. Mwambie mpiga picha, mpambaji na fundi wako, kila mmoja peke yake: picha ipi, itaonwa na nani, na itafutwa lini. Iandikwe. Sisi kwenye daftari letu la vipimo, chini ya kifua, kiuno na urefu, tumeongeza mstari mmoja wa picha. Anaujaza biharusi mwenyewe kwa mkono wake. Si mama, si bwana harusi, si dada anayelipa. Akiandika hapana, simu zetu zinakaa ndani ya begi, na nguo tunaipiga picha ikiwa imetundikwa kwenye henga.

Wengi wanaandika hapana. Kundi letu la WhatsApp sasa lina picha nyingi za nguo zisizo na watu, na wateja hawajapungua. Mshono mzuri unaonekana hata kwenye henga.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na vizazi vyetu, amrudishie mteja wetu furaha ya kumpakata mwanawe mbele ya kamera siku atakayotaka mwenyewe, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua na kwa tamaa ya kuonyesha kazi zetu. Aamin.